Chupa ya tanki letu

Leo tunawaletea habari ya tanki, kwa sababu wengi wenu mnalo kama letu: lile jeusi la plastiki, litri 1000, limekaa juu ya matofali nyuma ya jiko, na hakuna anayejua ndani kumebaki nini.

Sisi tunakaa juu mlimani, hapa Bukavu. Maji ya bomba yanaanza kwa watu wa chini, sisi yanatufikia saa nane za usiku, saa tisa, na kuna usiku hayafiki. Mvua ikinyesha tunakinga ya bati, lakini kiangazi bati linakauka. Basi kila asubuhi tuligonga tanki kwa ngumi na kusikiliza. Baba alisema nusu, sisi tulisema robo, na mara nyingi robine ndiyo iliyomaliza ubishi, tukiwa na sabuni mikononi.

Kijana wetu wa miaka 10 akajichukulia kazi ya kupanda na kuchungulia. Hatukumkataza. Tunalisema bila kujificha: lilitufaa. Mwezi wa 7 tofali liliteleza chini ya mguu wake, akaanguka, mkono ukavunjika. Katika mbio za kumpeleka hospitali hakuna aliyekumbuka kifuniko. Kesho yake tulikuta mjusi amekufa ndani, tukamwaga maji yote, na ilikuwa kiangazi.

Fundi mmoja alitaka kutuwekea kipimo cha umeme chenye taa tatu. Tulimwuliza, na umeme ukikatika? Akacheka tu. Wengine huweka tiyo ya kuonea kando ya tanki: maji ndani yake husimama usawa mmoja na ya tanki, jambo tunalowafundisha watoto darasani kila mwaka. Lakini tiyo ikipigwa na jua huota ukijani ndani, na ikipasuka usiku bila robine ndogo ya kuifunga, akiba yote inakwenda. Tukaiacha.

Tulichofanya ni hiki. Chupa safi ya mafuta ya kupikia tuliitia mchanga kidogo, tukaifunga sana, ikaelea ndani ya tanki. Tuliifunga kamba ya nailoni, kamba ikapita kwenye tundu la juu, ikazunguka kigurudumu cha uzi wa mshonaji, ikashuka nje na chupa ndogo mwishoni. Chupa ya nje lazima iwe nyepesi kuliko ya ndani, la sivyo itaivuta ile ya ndani juu ya maji na kipimo kitadanganya. Tundu tulilizungushia kipande cha chandarua, mbu wasiingie kutaga mayai.

Sasa sikilizeni kosa letu. Maji yakipungua, chupa ya ndani inashuka na ya nje inapanda. Sisi tulijua, lakini wifi yetu aliyekuja kututembelea hatukumwambia. Aliona chupa imekaa juu kabisa, akafurahi, akaloweka blanketi zote za nyumba. Maji yakaisha blanketi zikiwa na povu. Siku hiyo hiyo tulipaka alama nyekundu juu na ya buluu chini.

Alama za katikati tulizipata kwa bidoni. Tanki lilipojaa tulifunga robine ya kuingizia, kisha kila tukichota bidoni 5 za litri 20, mtoto anapiga mstari pale chupa ilipo. Mistari ilitoka 9, si 10, maana robine ya kutolea iko juu kidogo ya kitako na maji ya chini hayatoki. Miaka yote hiyo tulihesabu maji tusiyokuwa nayo!

Jambo ambalo hatukulifikiri ni jirani. Zamani mama wa pili alipokuja na bidoni, tulikuwa na neno jepesi: labda yameisha, hatujui. Si uongo kabisa, si kweli pia. Sasa chupa inaonekana toka kwake. Baba alitaka tuigeuze upande wa ukuta. Tulibishana siku mbili, mwishoni ikabaki pale pale, na tukapatana kwamba chupa ikifika mstari wa 7 hatutoi, hatufui, tunapika na kunywesha watoto tu.

Juzi mama huyo alisimama nje ya lupango na bidoni mbili, akatazama juu. Chupa ilikuwa mstari wa 6.

«Mama Mwalimu,» akasema, «leo nichukue moja tu.»

Tukamjazia. Kijana wetu, mkono umeshapona, alikwenda mwenyewe kuangalia chupa, miguu chini.