Emesa ya Wagusii na Mensa ya Warumi
Wako watu wa Kisii na Nyamira wapendao kutafuta ujamaa wa damu katika maneno. Husema: Mgusii huita meza emesa, Warumi wa kale waliita mensa, basi babu ni mmoja! Kumbe neno hilo lilikuja kwa merikebu. Wareno, waliofika Mombasa mwaka 1498, waliliacha pwani, Waswahili wakalipokea, nalo likapanda bara. Aazimaye jembe kwa jirani hawi ndugu yake. Afadhali kuyatazama maneno yasiyoletwa na biashara: omonto, isato, isano. Mganda naye husema omuntu, ssatu, ttaano. Wazee wa Gusii, ambao hawakusoma Kilatini, wamewataja Walogoli kuwa ndugu zao tangu zamani.