Kitundu cha Fataki

Watu wengi wakiiona bunduki hutazama mtutu. Si ajabu, kwani mtutu ndio mrefu na ndio unaotisha. Lakini wanaoijua silaha huangalia kwanza nyuma, pale padogo panapokaa fataki. Hapo ndipo moto unapozaliwa.

Babu yangu aliishi kando ya Ghuba ya Speke, mashariki ya mji wa Mwanza, naye alikuwa na gobore lenye kibali. Halikuwa la fahari. Viboko walitoka ziwani usiku wakamaliza mahindi na viazi, na fisi waliwasumbua ndama. Gobore hushindiliwa kwa mdomoni: baruti, kizibo cha matambara, kisha gololi, vyote vikisukumwa kwa mdeki. Nyuma kuna kichuchu cha chuma chenye kitundu chembamba, na juu yake huvikwa fataki. Nyundo ikiigonga, cheche hupita kituduni na kuifikia baruti.

Ufundi huu haukuanzishwa na askari. Alexander John Forsyth, mchungaji wa kanisa huko Scotland aliyependa kuwinda ndege, alipata hataza yake mwaka 1807 ya kuwasha baruti kwa kuigonga dawa inayolipuka. Katika miaka ya 1860, Hiram Berdan wa Marekani na Edward Boxer wa Uingereza kila mmoja akapata njia yake ya kuiweka fataki katika kitako cha ganda la risasi. Cha kuchekesha ni kwamba Wamarekani walishika zaidi mtindo wa Mwingereza, na Ulaya ikashika wa Mmarekani.

Iwe gobore au ganda la shaba linalojazwa upya, adui ni yule yule: masizi. Kishimo cha ganda kikiwa na mabaki, fataki mpya haikai sawasawa. Pigo la kwanza huishia kuisukuma ndani tu, isilipuke. Tena fataki za zamani ziliacha chumvi inayovuta unyevu, na kando ya ziwa kutu haikawii. Mafuta peke yake hayaiondoi chumvi hiyo. Babu, akishahakikisha kuwa gobore ni tupu, alitumia maji ya moto, akakausha, ndipo akapaka mafuta. Kitundu alikizibua kwa sindano ile ile ya kuzibulia karabai ya wavuvi wa dagaa.

Msomaji asidhani hayo ni mambo ya usafi tu. Jirani yetu mmoja alimjeruhi kiboko shambani, na mnyama alipomgeukia, jirani alikuwa amekwisha kushindilia tena. Fataki ikalia, baruti isiwake. Kitundu kilikuwa kimezibwa. Aliokolewa na kelele za watu, lakini tangu siku hiyo alitembea kwa mkongojo hadi kufa kwake.

Babu hakumlaumu mtu. Alituita wajukuu akatuambia maneno ambayo nimeyabeba maisha yangu yote: gobore likikataa kulia, mjinga huongeza baruti. Mtutu hupasuka mikononi mwake, na kumbe kilichohitajika ni sindano.

Nilipotoka chuo cha ualimu na kuanza kufundisha, niliona tabia hiyo katika madarasa. Baada ya mwaka 1977, mpango wa Elimu ya Msingi kwa Wote ulipojaza shule zetu, mtoto aliyenyamaza alidhaniwa ni mvivu. Akaongezewa fimbo, akaongezewa mazoezi. Nilipokuwa mwalimu mkuu niliwaomba walimu wenzangu waulize kwanza: je, anauona ubao? Amekula? Anakielewa Kiswahili, au nyumbani husikia Kisukuma peke yake? Binti mmoja aliyekwisha kuandikwa kuwa hafundishiki alisogezwa dawati la mbele, akaanza kusoma ndani ya muhula ule ule. Macho yake hayakuona mbali, basi.

Hata hivyo, babu alikuwa na onyo la pili. Sindano isigeuzwe patasi. Ukikwangua mno, kitundu hupanuka, na moto hurudi nyuma usoni mwa mpigaji. Vivyo hivyo kishimo cha ganda kikipanuliwa, fataki hulegea na haifai tena. Mtoto naye anayechokonolewa kila siku, kila kosa lake likitangazwa mbele ya wenzake, hulegea. Hashiki tena kitu chochote.

Leo kumiliki silaha bila leseni ni kosa kwa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na wengi wa wajukuu wangu hawajawahi kuligusa gobore. Sisikitiki. Lakini wako walimu na wazazi miongoni mwao, na kila mmoja amekabidhiwa mtu mdogo ambaye pengine siku moja atanyamaza. Siku hiyo wasikimbilie baruti. Watafute sindano, na mkono uwe mwepesi.