Maji ya Kurudi

Washairi wetu hulitumia neno bahari kutaja aina za tungo, na anayeanza kutunga huambiwa achague bahari anayoiweza. Wasia huo humfaa pia anayeanza kuvua. Pale Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, bahari ni mbili: ya ndani, baina ya ufuo na mwamba, yenye maji haba, na ya nje, yenye kilindi. Baina yake iko milango, nafasi katika mwamba ambamo vyombo hupita na maji hutoka kwa kasi yanapokupwa.

Kijana mmoja wa huko aliuanza uvuvi kwa kayaki. Asili ya chombo hiki ni mbali: Wainuiti wa Aktiki walikiunda kwa kiunzi cha mti au mfupa, wakakifunika ngozi za sili, kikamwenea mtu mmoja. Cha kijana kilikuwa cha plastiki, kikuukuu, chenye matundu ya kutolea maji, hata hakikuhitaji upo. Mjomba wake, aliyezeekea katika ngalawa, alikizunguka mara mbili, akakigonga kwa kidole.

"Chepesi, mwanangu. Upepo utakipenda."

Hata hivyo akamfundisha. Kwanza, kupinduka: mahali penye maji ya kifua kijana alijiangusha makusudi na kupanda tena, hata akazoea. Kisha mshipi, ndoana ndogo, chubwi, na vipande vya ngisi vya kumtegea changu. Kisha nanga: kamba hufungwa omoni au tezini, kamwe si ubavuni, kwani mkondo ukikishika chombo ubavu hukilaza. La mwisho likawa mwezi. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu huleta bamvua, maji yakajaa sana na kupwa sana. Nusu ya mwezi huleta maji mafu, nazo ndizo siku za mwanafunzi.

Kijana aliyashika yote ila hilo la mwisho. Siku moja ya bamvua alitoka alfajiri, maji yakikupwa, akatia nanga karibu na mlango. Changu walikula vizuri. Alipopata sita alijiambia: bado mmoja. Ndipo nanga iling'oka.

Alipiga kafi kuelekea ufuoni, na kila alipopiga, minazi ilizidi kuwa mifupi. Mikono ilipoanza kutetemeka aliacha kushindana na mkondo, akaukata kwa upande kuelekea mwambani, ambako maji yalifika magotini. Akaruka, tumbawe likamchana mguu, akasimama amekikumbatia chombo chake.

Mjomba alimwona kutoka ufuoni, lakini ngalawa yake ilikuwa imekaa mchangani, maji yameikimbia. Mzee akakunja kikoi, akaenda kwa miguu, akipita baina ya mashamba ya mwani, mwendo mrefu, hata akamfikia. Hakugomba. Alivua kilemba chake, akamfunga mguu.

"Wangapi?"

"Sita, mjomba. Nilimtaka wa saba."

Mzee alinyamaza. Yapata saa nne walikuwa bado wamesimama pale, maji yametulia kama yaliyosahau njia.

"Wazee walisema," akaanza mjomba, "kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani."

Kijana akakitazama chombo chake, kipande kimoja cha plastiki, akajaribu kutabasamu. "Kayaki haina ngama, mjomba."

"Basi marejeo yako yaweke kichwani, kabla hujashika kafi."

Maji yakaanza kugusa vifundo vya miguu yao. Yalikuwa maji ya kujaa. Mzee akaigeuza omo ya kayaki ikaelekea minazini, akamwambia kijana apande, naye akatembea ubavuni, mkono mmoja juu ya chombo, wakirudi polepole pamoja na bahari.