Pembea za Makadara



Wasomaji wetu wapenzi, kila Ramadhani inapoingia kumi la mwisho, wajukuu hutuuliza: "Babu, Idi hii mtatupeleka wapi?" Swali hili sisi tulipokuwa wadogo hatukulijua. Idi ilikuwa ni Makadara, na aliyeuliza njia alijulikana kuwa ni mgeni.

Makadara ni uwanja wa hapa Mombasa, si mbali na Mji wa Kale, jirani na Msikiti wa Mabaluchi. Wazee husimulia kwamba jina lake limetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya kadari ya Mwenyezi Mungu, na kwamba waliotangulia kukaa hapo ni askari wa Kibaluchi waliowatumikia masultani. Siku za kawaida palikuwa na vumbi, mbuzi, na vijana wakicheza mpira. Zikisalia siku chache Ramadhani kwisha, walifika mafundi na mbao, misumari na kamba, na mwezi ulipoandama tulikuta mji mdogo umesimama.

Pembea kubwa lilikuwa ni gurudumu la mbao lenye visanduku, na kila kisanduku kilichukua watoto wawili, au watatu wakibanana. Halikuwa na umeme wala injini. Vijana wenye nguvu walilisukuma kwa mikono, na mmoja wao akiparamia miti yake na kuning'inia ili uzito wake ulizungushe. Mbao zililia kama jahazi lenye shehena. Ukifika juu uliyaona mapaa ya mabati na minara ya misikiti, na kabla hujamwita mwenzio nawe ukaone, umesharudi chini.

Bei ilikuwa sumuni. Tulizunguka kwa jamaa asubuhi baada ya swala, na kanzu zetu mpya zikinuka udi, tukipewa mkono wa Idi. Zilizosalia baada ya pembea ziliishia kwenye mihogo ya kukaanga iliyotiwa pilipili na ndimu, viazi vya karai, mabuyu, na barafu ya ukwaju.

Mama yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa na desturi yake. Usiku wa kuamkia Idi aliwahesabu watoto wa mtaani waliofiwa na baba zao, akafunga sumuni kwenye pindo la leso, moja kwa kila mtoto. Aliwapa nyumbani kabla ya kutoka, wala hakuwapa uwanjani. Alisema mtoto akifika kwenye pembea asijulikane nani kapewa na babake na nani kapewa na jirani.

Kina mama wenyewe walitandika majamvi pembeni, na buibui zao, wakakutana na wenzao ambao hawajaonana tangu Idi iliyopita. Hapo walipeana pole za misiba, wakaulizana habari za posa, na waliokuwa wamenuniana wakasameheana. Sisi wanaume tuna baraza na misikiti mwaka mzima. Wao baraza lao lilikuwa ni siku zile chache.

Sasa yatupasa tuseme jambo lililo zito kwetu. Tulipokuwa vijana, tumemaliza chuo na elimu yetu ingali changa, tulipewa mimbari Ijumaa moja kabla ya Idi. Tukawasema wanawake wanaokwenda Makadara. Tulitaja kuchanganyika kwa wanawake na wanaume, kukaa nje hadi usiku, na wezi. Hayo hayakuwa uongo. Lakini dawa tuliyoitoa ilikuwa moja tu, kwamba wakae nyumbani. Hatukusema watengewe wakati wao, wala vijana wa msikiti wasimame walinde, wala mambo yamalizike kabla ya magharibi.

Idi ile mama yetu hakwenda, wala hakutulaumu. Alitandika jamvi kibarazani, akafungua pindo la leso, akawagawia watoto mlangoni, kisha akakaa akisikiliza kelele za wapitao. Hakwenda tena hadi alipofariki.

Nasi tulikuwa tumekwisha kusomeshwa ile hadithi iliyomo katika Bukhari na Muslim, ya Mahabeshi waliocheza kwa mikuki msikitini siku ya Idi, na jinsi Mtume (S.A.W.) alivyosimama akimsitiri Bibi Aisha (R.A.) apate kutazama, asiondoke hadi Bibi Aisha mwenyewe aliposhiba kutazama. Tuliisoma mbele ya mwalimu wetu kwa adabu. Siku ya mimbari hatukuikumbuka.

Uwanja ungalipo, lakini yale magurudumu ya mbao yametoweka, na mafundi wake wengi wametangulia mbele ya haki. Pembea za leo ni za chuma na injini. Nyingine zimo ndani ya maduka makubwa, na mtoto asiye na tiketi husimama nje ya kioo akiwatazama wenzake. Pale Mama Ngina, penye mibuyu na upepo wa bahari, palitengenezwa upya, na Oktoba 2019 sherehe za taifa za Mashujaa zikafanyika hapo. Alasiri ya Idi twawaona kina mama wameketi na watoto wao wakila mihogo. Tunafurahi, kisha tunalikumbuka lile jamvi la kibarazani.

Tunaziomba kamati za misikiti zikae kabla ya Idi ijayo, zitafute uwanja, ziwatengee kina mama na watoto saa za baina ya adhuhuri na magharibi, na ziweke vijana waaminifu wa kulinda. Fedha za mayatima nazo zitayarishwe mapema na zifikishwe majumbani mwao, kama alivyofanya mwanamke yule wa leso.

Nanyi kina mama mliobaki nyumbani kwa maneno yetu, tunawaomba mtusamehe. Wale waliokwisha kutangulia, tunamwomba Mwenyezi Mungu awaandalie Peponi furaha iliyo bora kuliko ile tuliyowanyima. Amin.

Wabillahi tawfiq.