Mjomba Havai Miwani ya Giza

Wasee, kuna swali limenichosha: "Kwani mjomba wako alifanyiwa nini kwa jicho?" Leo najibu mara moja tu.

Alikuwa na kidonda kidogo kwenye kona ya ndani ya jicho, pale karibu na pua. Kinakauka, kinatoa damu, kinakauka tena. Duka moja la dawa likamuuzia mafuta ya macho, miezi ikaenda. Mwishowe daktari akatoa kipande kidogo, kikapimwa: saratani ya ngozi. Hii yake ni aina ambayo kwa kawaida haisambai mbali mwilini, lakini ukiiacha konani pale, inaweza kuchimba hadi nyuma ya jicho.

Kuitoa kunaacha shimo, na shimo hilo huwezi kulivuta tu ukashona. Kope zitavutika, jicho likatae kufunga vizuri. Ndio daktari akaazima ngozi kwa jirani, yaani katikati ya nyusi. Ngozi ile haikukatwa yote. Upande mmoja uliachwa umeshikana, kwa sababu ndio unaopitisha damu. Bila damu kipande kingekufa. Kisha ikazungushwa, ikashushwa hadi kwenye shimo. Ilipotoka pakashonwa.

Basi hiyo ndiyo sura mnayoona. Nyusi zimesogeleana. Ngozi ya konani ni nene kuliko ya zamani. Na chozi linamtoka hata akicheka, maana mifereji ya machozi inaanzia hapo hapo na ilikatwa pamoja na uvimbe.

Sasa kuna harusi inakuja, na watu wa familia wanamwambia avae miwani ya giza ndio picha zitoke poa. Mimi nakataa. Sisi wa filta tumezoea uso kubadilika kwa kubonyeza simu. Kwa upasuaji kuna foleni: kwanza saratani iishe, halafu jicho lifunge, urembo unakuja nyuma. Mjomba alipata yale mawili ya kwanza. Mnataka aombe msamaha kwa la tatu?

Nilimuuliza kama maneno yao yanamuuma. Akasema, "Yanauma. Lakini nikilala jicho linafunga, mpwa wangu."

Na wewe mwenye kidonda kando ya jicho kisichopona wiki baada ya wiki, wacha kukipaka vitu. Kipelekee daktari akipime.