Kiswahili Chetu cha Bara

Ndugu msomaji, kama umekulia Musoma, Bunda au Tarime na unaota kuandika riwaya, bila shaka umeshaambiwa: "Wewe mtu wa bara utaandika Kiswahili gani?" Mimi niliambiwa na mhariri mmoja niliyempelekea sura tatu. Alizirudisha bila kukosoa hata mstari mmoja. Eti lugha ina wenyewe, na wenyewe wako Pwani. Wengine hututania kwamba watu wa Mara wakitaka "kula" husema "kura". Utani tunaupokea, bwana. Lakini hilo la wenyewe silikubali, na ushahidi wangu uko Butiama.

Watu wakimtaja Mwalimu Nyerere hutaja uhuru, Ujamaa na Azimio la Arusha. Mimi namtazama kama mtu wa kalamu. Alizaliwa mwaka 1922, mtoto wa Chifu Burito wa Wazanaki, akakua akisema Kizanaki. Kiswahili hakukikuta nyumbani kwao. Alikikuta shuleni Mwisenge, pale Musoma, alikoanza mwaka 1934 akiwa na umri wa miaka kama 12 hivi. Yaani lugha aliyokuja kuhutubia nayo taifa zima alijifunza darasani, kama mimi na wewe.

Sasa tazama alichokifanya nayo. Mwaka 1963, Tanganyika ikiwa changa kabisa, Rais huyo alitoa tafsiri ya tamthilia ya Shakespeare kuhusu Julius Caesar. Tena aliitafsiri kwa mistari isiyo na vina, wakati ambapo kwa wengi shairi la Kiswahili bila vina halikuwa shairi. Lakini kinachonigusa zaidi ni mwaka 1969. Aliirudia kazi ile ile, akaisahihisha, ikatoka upya kwa jina la Juliasi Kaizari. Jamani, nani angemlazimisha Rais wa nchi kurudia maandishi yake? Kitabu kilishachapwa. Ni mwandishi tu anayekosa raha kwa ajili ya neno lililokaa vibaya.

Mwaka huo huo wa 1969 akatoa Mabepari wa Venisi. Bepari ni neno la zamani lenye asili ya Kihindi, na maana yake ya kwanza ni mfanyabiashara. Ila miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, masikioni mwa Watanzania bepari alikuwa mnyonyaji. Neno moja likabeba Venisi na Dar es Salaam kwa pamoja! Unaweza kubishana naye, maana Antonio, mfanyabiashara wa tamthilia ile, ndiye anayedaiwa ratili ya nyama ya mwili wake. Lakini mtu anayeweza kukutia katika ubishi kwa neno moja si mgeni wa lugha hiyo.

Alipong'atuka urais mwaka 1985 hakuiweka kalamu chini. Mwaka 1996 zilichapishwa tenzi zake za Injili na Matendo ya Mitume. Safari hii alivifuata vina na mizani, akaingia katika utenzi, umbo lililolelewa na washairi wa Pwani kwa karne nyingi. Kwa hiyo hakuwadharau. Alisoma kwao, kisha akaandika yake. Watu wa Pwani ni walimu wetu, si mabawabu wa kutuzuia mlangoni.

Na sisi tunacho cha kuleta. Nikiandika "mwalo", msomaji wa Tanga ataona mitumbwi inashusha samaki, wachuuzi wanagombea bei na dagaa wameanikwa juani, naye atajua ni mahali gani. Hahitaji kamusi, anahitaji sentensi nzuri. Hiyo sentensi nzuri ndiyo kazi yetu, na lafudhi haina kesi hapo.

Mwalimu alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa kwao Butiama. Wageni hufika kuona kaburi na makumbusho. Vizuri. Ila kwa sisi tunaojifunza kuandika, ipo ziara nyingine. Tafuta chapa ya 1963 na ile ya 1969, ziweke meza moja, ufuate mstari kwa mstari uone alifuta nini na aliweka nini. Kisha chukua daftari lako, uanze kufuta.