Msitu wa Sinia Moja

Wageni wetu huvitazama vimiti vilivyoko roshanini mwetu wakadhani tumevinunua. Vyote vimetoka ukutani.

Nyumba ya marhumu baba ilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na kama ilivyo kwa majumba mengi ya kale ya pwani, miche ya jamii ya mkuyu ilichipua katika nyufa zake, palipoangukia mbegu zilizoletwa na ndege. Baba aliing'oa kila mwaka, kwani mizizi yake huweza kupasua ukuta. Mama alipokwisha eda nyumba iliuzwa, kila mrithi akapata fungu lake, nasi tukahamia ghorofa ya tatu. Kabla ya kukabidhi funguo, sisi dada watatu tulichomoa miche saba na mawe mawili ya ukuta. Tulitaka mama awe na kitu cha kule, maana alikuwa amenyamaza. Hakutoka chumbani ila kwa udhu na chakula.

Wajapani huiita sanaa hii bonsai, yaani mmea wa siniani, nao waliipokea kutoka China. Picha nyingi tulizoziona zilikuwa za mti mmoja uliozungushwa kama nyoka, na hazikutupendeza. Mti wa kweli una sababu ya umbo lake. Miti ya ufuoni imeinamia bara kwa kuwa kusi imeisukuma miaka nenda miaka rudi. Basi tukaenda kuitazama miti yenyewe. Tulimchukua mama hadi Gede, mji uliohamwa katika karne ya 17, ambako mizizi imeshuka juu ya kuta na kuzikamata kama vidole. Mama alisimama hapo kitambo kirefu, kisha akasema, "Baba yenu alikuwa akipigana na hawa."

Tuliporudi tulimwomba mfinyanzi atufinyangie sinia pana, lenye kina cha vidole vinne na matundu ya kutolea maji. Udongo ulikuwa matofali yaliyopondwa, kokoto ndogo na mbolea kidogo, vyote vikachekechwa ili vumbi litoke, kwani vumbi huziba maji na mizizi ikaoza. Siri ya sura ya asili imo katika mpangilio. Idadi iwe witiri. Mti mnene kuliko yote usikae katikati, bali kando kidogo, na ile myembamba irudi nyuma, nayo itaonekana kama iko mbali. Miti mitatu isipangwe katika mstari mmoja. Msituni hakuna foleni. Mawe tuliyazika hadi nusu, mizizi ya mti mkubwa tukaitandaza juu ya moja na kuifunga kwa uzi. Wengine huogopa chokaa ya mawe haya, lakini miche hii ilizaliwa ndani yake. Na tafadhalini, akina mama wenzetu, msiongeze vinyumba na ndege wa plastiki. Vinauharibu msitu wote.

Siku tuliyopunguza mizizi, mama aliuliza, "Wanangu, huku si kuutesa mti?" Swali hilo halikutuudhi, maana nasi tulikuwa nalo. Tulimsimulia habari za msonobari mmoja wa Japani ulioanza kulelewa siniani mwaka 1625. Ulikuwa katika bustani ya familia ya Yamaki huko Hiroshima bomu lilipoanguka mwaka 1945, ukanusurika. Mwaka 1976 familia hiyo iliutoa zawadi kwa Marekani, na hadi leo unatunzwa Washington. Mama akafikiri. "Kwa hiyo umeshapita mikononi mwa watu wengi," akasema. "Huu nao, baada yangu ni wa nani?" Tulitazamana sisi watatu, na hakuna aliyethubutu kujibu kwanza.

Tangu siku hiyo yeye ndiye mwenye kopo la maji. Wakati wa kaskazi, jua linapokuwa kali, humwagilia baada ya sala ya alfajiri na tena alasiri, akichomeka kidole udongoni kwanza kupima unyevu. Majani mapya yametoka madogo kuliko ya mwanzo, kama tulivyotaraji. Matawi mawili ya upande wa bahari tuliyafunga waya wa shaba ili yainame kama yaliyopigwa na kusi. Waya huo tutaukata wiki ijayo, kabla haujaingia katika gome. Mama amekwisha azima koleo kwa jirani, na ametuambia kwamba mti mkubwa ataukata mwenyewe.